Kabla hujafunga skrini kwenye laini ya ushonaji

Kwa Kijapani, neno "muda" maana yake ni upotevu: kila kinachokula nguvu bila kumwongezea mteja chochote. Mwezeshaji wa Kaizen, mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo, alipotuandikia ubaoni, ukumbi mzima ulicheka, maana sisi tulilisoma Kiswahili. Baadaye, nikiwa supavaiza wa ushonaji kwenye kiwanda kimoja hapa Arusha, niliona kuwa kuchanganya maana hizo mbili ndiko kulikotuponza.

S tano, hatua za kupanga sehemu ya kazi, tulishazizoea: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kisha uongozi ukaleta skrini. Kila cherehani ikafungwa kihesabio, na kila saa namba ya mshonaji ikatokea juu. Kijani ukifikia lengo, nyekundu ukibaki nyuma.

Mama mmoja wa overloki alishinda kwenye nyekundu. Nikamsema mbele za watu. Hakujibu. Kesho yake nikachukua daftari, nikakaa nyuma yake mpaka chai ya saa nne. Mabando ya vitambaa kutoka chumba cha kukatia yalichelewa mara mbili. Uzi ulipoisha alikwenda stoo, akasubiri kusaini. Sindano ikavunjika, fundi mitambo yuko laini nyingine. Mikono yake haikuwa na tatizo lolote. Skrini ilihesabu vipande, kusubiri haikuhesabu.

Kwa hiyo anza na daftari. Ukitanguliza skrini, mshonaji ataonekana mzembe kwa kosa la stoo.

Tulisogeza rafu ya uzi, tukaomba na kitufe cha kumwita fundi kwenye kila cherehani. Toyota wana kamba ya andon: mfanyakazi akiona kasoro anaivuta, na isipotatuliwa kwa wakati laini inasimama. Chetu kilifuata wazo hilo, lakini wiki mbili hakuna aliyekibonyeza. Kumbe kila mbonyezo ulisomwa kwenye kikao cha asubuhi pamoja na jina. Nani anataka kusomwa? Tulipofuta majina, tukabakiza namba ya mashine na dakika alizochukua fundi kufika, vitufe vikaanza kulia. Ikaonekana fundi mmoja kwa laini tatu hatoshi, jambo ambalo washonaji walilisema tangu zamani.

Kilichonishangaza kilikuja baada ya hapo. Yule mama alifika kijani, kisha mgongo ukaanza kumsumbua. Safari ya stoo, niliyoiandika kama upotevu, ndiyo iliyokuwa ikimnyoosha! Ikabidi watu wabadilishane vituo kila saa mbili, na lengo la saa tukalishusha kidogo. Meneja alinuna, mpaka alipoona nguo za kurudiwa zimepungua.

Wewe mfanyakazi, ukiona vihesabio au mashine ya alama za vidole vinafungwa, uliza mapema, ikiwezekana kupitia tawi la chama chenu: namba hizi anaziona nani, na zitatumika kuadhibu? Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, itaje. Na lengo lisikubakize bure baada ya zamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu.

Yule mama nilimwomba radhi pale pale kwenye laini, mbele za watu walewale. Akacheka. "Haya baba, yameisha. Sasa hilo daftari lako kamkalie na mtu wa stoo."