Wadogo zangu wa BMW E46, hebu tuongee kabla hamjaua injini nyengine

Ijumaa jioni nlikuwa Mama Ngina pale, ile bustani ya ufukweni Mombasa, nala mihogo yangu, upepo wa bahari unapiga, watoto wanakimbizana, mara ikaingia 325i ya silva imelala chini, rimu za 19, mafla inanguruma mpaka wauza madafu wakageuka. Gari nzuri, mashaallah. Kijana akazima, akafungua boneti, akatoa jerikeni ya lita tano kwenye buti, akajifunga kitambaa mkononi akaanza kufungua mfuniko wa tangi la kulanti, yale maji ya kupoza injini, na injini bado ya moto kabisa. Nlimpigia ukelele mpaka mama mmoja wa jirani akamwaga ukwaju wake. Nikamwendea, tukasalimiana, nikamuuliza, mdogo wangu, gari inakula maji? Akanambia, "Kidogo tu kaka, lakini themostati nishaitoa, fundi kasema Mombasa joto haina kazi."

Maneno hayo hayo, neno kwa neno, niliambiwa mimi mwaka 2014. Nilirudi nyumbani usingizi haukuja. Kila mwaka nawaona vijana wapya wanaingia kwenye hizi gari kwa mapenzi ya kweli, na kila mwaka wanaua M54, ile injini ya silinda sita ya hizi BMW, kwa njia ile ile, mpaka nahisi ni sisi wakubwa tuna makosa kwa kunyamaza. Basi leo sinyamazi. Nyinyi gari mnazijua, sianzi kuwaeleza zaidi ya hapo.

1. Kupoza kwanza. Yote mengine baadaye.

Ukinunua E46 au E39 (ile 5 Series) ya silinda sita na huna risiti ya rejeta, tangi la kulanti, pampu ya maji, themostati (ile vali inayofunguka injini ikipata joto) na zile hosi mbili kubwa, basi chukulia hazijawahi kubadilishwa, zibadilishe zote kwa mpigo mmoja hata kama zinaonekana nzima. Ile plastiki ikishapikwa miaka na miaka inakuwa kama biskuti, unaigusa shingo ya rejeta inakubakia mkononi. Pampu chukua yenye panga la chuma. Na rimu zisubiri. Nasema tena, rimu zisubiri.

Sasa niwaeleze yangu, na sitaficha kitu.

Nlikuwa na 330i ya 2003, nyeusi, manyuo (gia za mkono), iliingia nchini kutoka Uingereza kabla haijafikisha ile miaka 8 ya sheria ya kuingiza magari Kenya. Ikaanza kudondosha kulanti mbele, tone tone, inatokea kwenye nyumba ya themostati. Kwenye M54 themostati na nyumba yake ni kitu kimoja, ukinunua unanunua yote, na bei niliyopewa ilikuwa shilingi 9,500. Fundi akanambia kuna njia ya mkato, tunaivunja ya ndani tunaitoa, nyumba tunaipaka silikoni, hapa si Ulaya hapa Mombasa, injini inataka baridi. Hakunilazimisha. Pesa nlikuwa nayo, lakini nishaiahidi kwa rimu. Nikasema sawa, toa.

Kitu ambacho sikukijua wakati ule ni kwamba themostati ya hii injini ina kazi mbili. Ikiwa baridi inafunga njia ya kwenda rejeta na kuacha maji yazunguke humo humo ndani, na ikifunguka inaifunga ile njia fupi ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuona rejeta kabisa. Kwenye barabara tambarare hutojua, tena utaona injini iko baridi kupita kiasi, kompyuta inamwaga petroli nyingi, unywaji unapanda. Lakini siku ya mlima na mzigo ndio utajua. Na lile neno la Mombasa joto halina msingi, themostati ya M54 inafunguka kwenye digrii 97 lakini ndani ina heta ya umeme, kompyuta ikiona unaikamua injini inaiwasha ili ifunguke mapema zaidi. Mambo ya joto walishayafikiria.

Kosa la pili, maji. Nyumbani Tudor tuna kisima, maji yake ukiyaonja unajua bahari haiko mbali, sabuni haitoi povu. Nlikuwa najazia hayo hayo, miezi saba. Siku moja nikafungua tangi nikaona maji rangi ya chai ya mkandaa. Niliona kwa macho yangu. Nikafunga mfuniko nikaenda kazini.

Disemba mamangu akataka nimpeleke Voi, arusi ya binti wa dadake, nikaha ni baada ya swala ya adhuhuri. Tukatoka asubuhi, yeye kiti cha nyuma na sanduku lake la leso na zawadi. Kibarani msongamano, Changamwe msongamano, malori yamejipanga, ac imewashwa kwa ajili yake. Kufika Miritini ile taa ndogo ya manjano ya kulanti ikawaka. Nikaangalia mshale wa joto, uko katikati kabisa, umetulia. Nikajiambia nitajazia Mariakani.

Vijana wangu, huo mshale msiuamini. Umetengenezwa hivyo, kuanzia kama digrii 75 mpaka karibu 115 unakaa pale pale katikati ili dereva asiwe na wasiwasi. Ukianza kuondoka hapo, mambo yashaharibika. Na maji yakipungua sensa inabaki inapima mvuke, haipimi maji.

Mlima wa Mazeras nikaovateki trela nne, moja moja, kwa shida, nlikuwa na haraka na nlikuwa na raha, ile sauti ya silinda sita ikipanda mnaijua. Hapo ndipo mshale ukaruka kutoka katikati mpaka nyekundu kwa pumzi moja. Upande wa kushoto palikuwa na uwanja mpana, malori yanaegeshwa pale, ningeweza kuingia bila taabu. Nimepita. Nimepita kwa sababu sikutaka zile trela nne zinipite tena. Nimeendesha kama kilomita mbili zaidi nikitafuta kileleni, mpaka injini ikaanza kugonga na nguvu ikaisha yenyewe, ndipo nikasimama.

Mvuke ulitoka kila mahali. Mama akashuka, akakaa chini ya mwembe na sanduku lake, hakusema neno. Baada ya dakika kumi akanipa chupa yake ya maji ya kunywa akidhani itasaidia, na mimi nikaichukua nikaimimina kwenye tangi. Maji baridi kwenye alumini ya moto vile. Niliisikia ile sauti. Mama ikabidi nimsimamishie matatu ya Voi akaenda peke yake, mwanamke wa miaka 68, akafika nikaha ishakwisha, wageni wanakula. Mpaka leo hajanilaumu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko gari.

Gari ikarudi mjini kwa brekdauni. Hedi, kile kichwa cha juu cha injini, imepinda, ikachongwa, tukanunua ile gasketi nene zaidi kwa milimita 0.3 ambayo ni ya hedi iliyochongwa, bolti mpya 14 kwa sababu za hii injini hazirudiwi. Tukafunga kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, Nm 40, kisha digrii 90, kisha digrii 90 tena. Hiyo tisini ya mwisho, bolti ya nyuma ikaanza kuzunguka bure. Hakuna uzito. Tukaitoa, uzi wa bloku umekuja nayo, umejiviringa kwenye bolti kama springi ya kalamu. Bloku ni alumini, ikishapikwa vile uzi unapoteza nguvu, haubebi tena. Zikaja nne hivyo.

Ikalala chini ya turubai miezi kumi na moja. Nilikuwa nikitoka asubuhi kwenda kazini napita upande wa pili ili nisiione. Mwishowe fundi mwengine, mzee mmoja mtaratibu sana, akatoboa matundu yote 14, si yale manne tu, akaweka nyuzi za chuma kwa kutumia kiongozi cha kunyoosha drili, akakataa katakata kufanya kwa jicho. Ikawaka. Jumla yote na brekdauni ilipita laki moja na themanini. Kwa sababu ya 9,500.

Kwa hivyo taa ya manjano ya kulanti ikiwaka, simama mahali salama, iache ipoe, ndipo ujazie. Mshale ukiondoka katikati, zima. Si ukifika, si mbele kidogo, zima hapo hapo, trela zikupite, waache wakupigie honi mpaka wachoke. Usifungue mfuniko, ule wangu umeandikwa 200 maana yake bar 2, ukiufungua wa moto unakuchubua uso. Kaa saa nzima.

Kujaza, kulanti ya buluu ile ya BMW nusu kwa nusu na maji ya distili ya betri, si ya kisima, si ya mfereji. Kutoa hewa: switchi iwe on injini imezimwa, heta joto la mwisho, feni chini kabisa, fungua skrubu ya hewa pembeni ya tangi, jaza polepole mpaka mapovu yaishe yenyewe. Skrubu hiyo ni plastiki, kaza kwa vidole viwili, nishaona watu wazima wanaikaza kama nati ya gurudumu.

Na kama unataka joto la kweli, ingia menyu ya siri ya klasta, zile saa za dashibodi, fungua kufuli kwa test 19 ukitumia jumla ya tarakimu tano za mwisho za chesisi, kisha test 7. Mimi mpaka leo naendesha nayo imewashwa, mke wangu kila siku anauliza hiyo namba ni ya nini, sasa hata yeye akiona imepita 105 ananigusa mkono.

2. Oili. Lita 6.5, yenye kibali cha BMW cha LL-01, na msisubiri hiyo taa ya sevisi kwa joto letu na foleni ya feri ya Likoni. Ikila oili nyingi angalia vali ya mvuke wa injini kwanza kabla mtu hajakwambia pistoni.

3. Spea nunua kwa namba ya chesisi, si kwa "ni ya E46". Boksi zuri si ushahidi.

4. Kushusha. Najua mnapenda, na mimi napenda. Lakini springi haikatwi kwa grainda, jamani, nimesema mpaka nimechoka. Matuta ya Kisauni yatakuonyesha. Seti kamili ya springi na shoki zinazolingana, au iache. Na kabla ya hata kufikiria hilo, inua gari nyuma, tochi mkononi, uangalie bodi pale subfremu, ile fremu inayobeba ekseli ya nyuma, inaposhikia. E46 hupasuka pale, bati lenyewe. Ukisikia tok ukiachia klachi ya gia ya kwanza usidhani ni bushi tu. Kuna binamu yangu alikuwa na 318i, akasikia hiyo tok mwaka mzima, anaongeza sauti ya redio. Tulipoinua gari tukaona ufa unaingia kidole. Kijana alikaa chini kwenye oili, na kanzu yake ya Ijumaa, akashika kichwa. Tukachomelea sahani za kuimarisha pande zote nne, siku tatu, mamake anatuletea mahamri na mbaazi na kutuuliza kama gari imekuwa meli. Bado anaiendesha, iko sawa.

5. Chumvi. Kila wiki maji baridi ya mfereji chini ya gari, hasa ukikaa Nyali au Bamburi karibu na ufuo, na waya za ardhi za injini zisugueni kwa brashi ya waya, nusu ya hizo taa za dashibodi mnazolilia ni kutu hapo.

6. Ile filta ya koni iliyo wazi inavuta hewa ya moto ya boneti, rudisheni boksi ya kampuni.

7. Fundi. Usimwachie gari ukaenda zako. Kaa naye, shika tochi, lete chai, uliza. Akikwambia "hii haina kazi" muulize kazi yake ilikuwa nini kwanza. Anayejua atakueleza kwa furaha, na mlipe vizuri bila kumsumbua bei. Yule mzee wangu wa matundu 14 nampelekea samaki kila Idi.

Kijana wa 325i ya silva, najua utaisoma hii, ulinambia una siku tatu za mapumziko. Usiiendeshe. Jumamosi saa mbili asubuhi njoo nayo juu ya brekdauni, nyumba ya themostati ninayo mpya kabatini, nishatafuta na skrubu ya hewa. Wewe leta lita tano za maji ya distili na kulanti ya buluu chupa tano za lita moja moja, tutaisafisha mpaka maji yatoke meupe ndipo tujaze. Na ile jerikeni iache nyumbani.