Soma Kioo Kwanza: Kuchagua Maikrokontrola na Draiva ya Skrini ya LCD ya Vipande

Anayeanza kutengeneza mita, saa au kipimajoto chenye skrini ya LCD ya vipande (kioo ambacho tarakimu zake huundwa kwa vistari vinavyowashwa kimoja kimoja) kwa kawaida huchagua kwanza maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, aliyoizoea, kisha ndipo hutafuta namna ya kuiunganisha na skrini. Nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu, na sasa nashauri kwa dhati kwamba utaratibu huo ugeuzwe, kwa sababu kioo ndicho kinachoamua karibu kila kitu kinachofuata.

Katika karatasi ya maelezo ya kioo, tafuta idadi ya komoni (pini zinazoshirikiwa na vipande vingi), biasi (ngazi ambazo volti ya kuendeshea hugawanywa) na volti ya kukiendeshea. Tarakimu nne pamoja na nukta zake ni vipande 32. Kioo chenye komoni moja kitahitaji pini 33, ilhali chenye komoni nne kitatosheka na pini 12. Nafuu hiyo hailetwi bure: kwa komoni nne na biasi ya theluthi moja, volti inayokifikia kipande kilichowashwa ni takribani mara 1.73 tu ya ile inayokifikia kilichozimwa, hivyo volti ikizidi kidogo vivuli hutokea pasipotakiwa, na ikipungua kidogo tarakimu hufifia. Kama pini zipo za kutosha na skrini itatazamwa kutoka pande nyingi, mimi huchagua komoni moja bila kusita.

Kioo changu cha kwanza nilikiharibu mwenyewe. Nilikiunganisha moja kwa moja na pini za maikrokontrola na kukipa mkondo mnyoofu (DC) wa volti 3; tarakimu zikatokea nyeusi na safi, nikaamini kazi imekwisha. Wiki chache baadaye vipande vilivyokuwa vikikaa vimewashwa muda mrefu vilikuwa vimefifia, na vingine vilibaki na kivuli hata umeme ulipokatwa. Mkondo mnyoofu husababisha elektrolisisi ndani ya kioo, na uharibifu wake haurekebishiki. Ndiyo maana kila kipande lazima kiendeshwe kwa mkondo geu (AC), na mabaki ya mkondo mnyoofu kwa kawaida hutakiwa yasizidi milivolti 50. Siku hizi, kabla ya kuiacha skrini ifanye kazi usiku kucha, huweka mita kwenye kipimo cha volti za mkondo mnyoofu, ncha moja kwenye komoni na nyingine kwenye pini ya kipande, na sijiridhishi mpaka isome karibu na sifuri.

Draiva ya pekee, yaani chipu ya kuendesha skrini, hukuondolea kazi hiyo yote. HT1621 huendesha vipande 128, yaani 32 kwa komoni nne, na huandikiwa kwa nyaya tatu tu. PCF8576 hufika vipande 160 kupitia I2C, njia ya mawasiliano ya nyaya mbili. Zote zina oskileta (saketi ya kutoa mapigo) ya ndani, kwa hiyo maikrokontrola yoyote ndogo inaweza kuandika tarakimu na kurudi usingizini. Jambo linalosahaulika ni pini ya VLCD, inayopokea volti ya kuendeshea kioo: katika HT1621 volti yake haipaswi kuzidi ile ya chipu, na hivyo kioo cha volti 5 kitaonekana hafifu ukiilisha chipu volti 3.3, hata programu iwe sahihi kiasi gani.

Kwa kifaa cha betri napendelea maikrokontrola yenye draiva ndani yake, kama MSP430FR4133 au STM32L476. Hiyo ya kwanza ina pampu ya chaji, saketi ya kupandisha volti, inayoshikilia weusi wa tarakimu hata betri inapochoka, na huendelea kuonyesha ikiwa katika usingizi mzito. Njia ya kutumia pini za kawaida na rezista mbili kwa kila komoni badala ya draiva inafanya kazi, lakini rezista hizo hunywa mkondo muda wote ambao komoni inaendeshwa, nami huiachia vifaa vya umeme wa ukutani.

Mwisho, usichore bodi kabla kioo hakijafika mkononi. Kiwashe kipande kimoja kimoja, uandike jedwali la pini na vipande, kisha panga nyaya kwa njia fupi zaidi. Mpangilio wa tarakimu utaunyoosha kwa jedwali hilo ndani ya programu.