Muulize Daktari wa Meno: "Kwa nini nisomee na manesi?"

SWALI: Shikamoo Mama Daktari. Nasomea udaktari wa meno, mwaka wa nne, hapa Dar es Salaam. Muhula huu kila Alhamisi mchana tunachanganywa na wanafunzi wa uuguzi, famasia na udaktari wa tiba. Wa tiba wanatuita wang'oa meno, wafamasia wanakaa nyuma na simu zao. Mimi bado sijafikisha idadi ya meno ninayotakiwa kuziba kabla ya mtihani. Hivi hili jambo lina faida, au tunapotezewa muda?
— Mwenye Haraka

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kama mnajazwa ukumbini mnasomewa slaidi halafu mnatawanyika, una haki ya kulalamika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2010, lilieleza kwamba elimu ya namna hii ni pale wanafunzi wa fani mbili au zaidi wanapojifunza kuhusu wenzao, kutoka kwao na pamoja nao. Ninyi mmepewa hilo la "pamoja" peke yake, tena la kukalia viti tu. Mwambieni mwalimu mnataka vikundi vya watu wanne, mgonjwa mmoja, faili moja.

Mkipewa mama mwenye presha ambaye fizi zimevimba mpaka zimefunika nusu ya jino, wewe na haraka zako utaona ugaga, utausafisha, utamfokea kuhusu mswaki, umemaliza. Yule wa famasia atamwambia, "Mama, hebu tuone vidonge vyako," na kwenye kimfuko atatoa amlodipini, dawa ya presha. Dawa hiyo, kama ilivyo nifedipini na fenitoini ya kifafa, inaweza kuvimbisha fizi. Usimwachishe dawa mwenyewe. Anayejua kama presha yake inaweza kutulizwa kwa dawa nyingine ni yule wa tiba, na barua ya kumwandikia ndiyo mnayopaswa kujifunza kuiandika Alhamisi hiyo.

Lakini ningekuwa mimi, ningeanza na nesi. Unayafahamu meno ya plastiki? Tangu miaka ya 1980 imani hii imekuwepo hapa Tanzania: mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, husemwa ana meno hayo, akapelekwa kwa mtu anayechimbua fizi na kutoa kijino cha chonge ambacho hata hakijaota. Mtoto anavuja damu, anaweza kupata pepopunda, na chonge lake la ukubwani huenda likaota limeharibika au lisiote kabisa. Sasa niambie, mtoto huyo utamwona wapi? Kwenye kiti chako haji. Yuko kliniki ya watoto, ananing'inia kwenye mzani, na anayemvua nguo ni nesi. Akifundishwa na wewe kuinua mdomo wa mtoto na kutambua kwamba ule uvimbe mweupe kwenye fizi ni chonge linalojiandaa, atamtuliza mama kabla hajafika kwa mchimbaji. Na wewe utajifunza kwake jambo ambalo vitabu vyetu vya meno havigusi: mama huyo hakutunga ugonjwa. Mtoto anaharisha kweli. Ukimwambia "hiyo ni imani potofu" ukaishia hapo, kesho atakwenda kwa mchimbaji. Nesi ataanza na ORS na zinki, atauliza maji ya kunywa yanatoka wapi, ndipo mzungumzie meno. Binafsi naona somo hilo peke yake linatosha kuhalalisha muhula mzima.

Kisukari sitakuchosha nacho. Unajua kwamba fizi zilizooza na sukari iliyopanda vinachocheana.

Huyo anayekuita mng'oa meno mpe tochi na kijiti, mwambie achungulie kaakaa la mgonjwa akueleze anachokiona. Utando mweupe unaofutika, au doa la zambarau lisilouma, huenda likawa dalili ya kwanza ya VVU kwa mtu aliyekuja kwa ajili ya gego tu. Nadhani utani utapungua.

Kuhusu idadi ya kuziba, usingoje wiki ya mwisho. Mpelekee msimamizi wako wa kliniki kitabu chako cha kumbukumbu sasa hivi, mwonyeshe kilichobaki, umwombe zamu ya asubuhi siku nyingine. Alhamisi iache ilivyo.