Jina la nani litangulie? Pangeni kabla ya kuwasha kamera

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu yangu iliita. Alikuwa mzee aliyeigiza babu katika tamthilia ya kwanza niliyoihariri, na kipindi cha kwanza kilirushwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, jina langu mmeliweka la tisa. Nyuma ya yule kijana wa bodaboda."

Alikuwa na haki. Kijana wa bodaboda alikuwa na mistari minne tu. Mimi nilikuwa nimeyabandika majina ya waigizaji mwanzoni mwa kipindi kwa kufuata orodha ya namba za simu niliyopewa, nikiamini kwamba mradi kila mtu yumo, kazi imekwisha. Kumbe ule mpangilio unasomwa, na wa kwanza kuusoma ni wenye majina. Tangu siku ile, tamthilia yoyote nikiitazama, majina ya mwanzo siyaruki.

Nafasi za heshima ziko mbili: ya kwanza na ya mwisho. Ya kwanza ni ya steringi, hapo hakuna ubishi. Ya mwisho ndiyo wengi wetu tunaipoteza bure. Wenzetu humpa mkongwe, au mwenye jina kubwa asiyetokea sana, na jina lake hulitanguliza kwa neno dogo "na", wakati mwingine wakimalizia na jina la mhusika anayemwigiza. Katika Lost in Space, ya Marekani mwaka 1965, Jonathan Harris aliingia wakati wenzake wameshapangiwa nafasi zao. Akachukua ya mwisho, akiandikwa "mgeni maalumu", na ugeni huo ukadumu misimu yote mitatu. Heather Locklear naye alijiunga na Melrose Place mwaka 1993 akabaki "mgeni maalumu" hadi tamthilia inaisha 1999, ingawa kila mtazamaji alijua kwamba ndiye mwenye nyumba. Telenovela za Mexico zina heshima yao nyingine: mwigizaji mkongwe wa kike hutangulizwa na maneno "la primera actriz", kama sisi tunavyomwita mtu Bi au Mzee kabla ya jina lake.

Basi kuanzia kipindi cha tatu nilimhamisha mzee wetu. Jina lake likaja mwisho, peke yake kwenye kioo, likitanguliwa na "na". Malipo hayakuongezeka hata shilingi, lakini manung'uniko yaliisha siku hiyohiyo.

Mkiwa na waigizaji wenye uzito sawa, tumieni alfabeti. Friends ilipoanza mwaka 1994 ilikuwa na vijana sita, na majina yao yalipangwa hivyo: Jennifer Aniston wa kwanza, David Schwimmer wa mwisho. Dallas nayo ilifuata alfabeti, ndiyo maana Larry Hagman, aliyemwigiza yule J.R. aliyewanyima watu usingizi, jina lake lilikuja baada ya Linda Gray.

Ila kwetu lazima muulizane mapema: alfabeti ya jina lipi? Wale wa Friends wamepangwa kwa jina la ukoo. Ukiwapanga kwa jina la kwanza, Courteney Cox anatangulia na Schwimmer anaruka kutoka wa sita hadi wa pili. Sasa fikiria kundi ambalo mmoja anatumia jina la sanaa, mwingine la baba, mwingine anataka yote matatu. Mkilijadili hilo kwenye chumba cha kuhariri, saa mbili kabla ya kurusha, mtagombana.

Kuna jambo jingine ninalolipenda sana. Mtazamaji wetu amekua akijua kwamba steringi hafi. Game of Thrones ilipoanza mwaka 2011, jina la Sean Bean lilitangulia mengine yote, watu wakatulia wakijua huyu tunaye mpaka mwisho. Kipindi cha tisa akakatwa kichwa. Ule mpangilio wa majina ulikuwa sehemu ya hadithi yenyewe. Kinyume chake pia hutokea: ukimwandika mwanzoni mtu ambaye atarudi kwa kushtukiza dakika ya ishirini, umeshaivujisha siri yako mwenyewe. Jina kama hilo mimi hulipeleka mwishoni mwa kipindi, na mwigizaji mwenyewe namweleza sababu kabla hajaona.

Siku hizi, kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha, nazungusha karatasi moja. Kila mwigizaji anaandika jina lake kwa mkono wake, kama anavyotaka lisomeke. Niliwahi kumwandika Rehma "Rehema" msimu mzima. Mtayarishaji anaweka namba ya nafasi pembeni, wote wanatia saini, na nakala inaambatanishwa na mkataba. Ninapoyapachika, kila jina naliacha kwenye kioo mpaka nilisome kwa sauti mara mbili bila haraka. Nyumbani kwao kuna mama anayelisubiri.