Maji Yanapwa Saa Ngapi? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kutembea Kwenye Rasi za Kusini

Likizo ya Juni inakaribia na barua za wanaotaka kutembea pwani ya Mtwara na Lindi zimejaa mezani. Tumechagua tano.

Shikamooni wanajopo. Mimi na mume wangu tunakuja Mtwara na watoto wawili, wa miaka 9 na 12. Tumepanga kuvuka kwa pantoni hadi Msangamkuu, tule chakula cha mchana huko, halafu saa 8 tuanze kuizunguka rasi kwa miguu tukifuata ufukwe. Shemeji anasema mwezi utakuwa mpevu, hivyo hata tukichelewa kurudi tutaona njia. Mpango uko sawa?
*Mama wa Wawili, Masasi*

Marahaba, Mama wa Wawili. Mwezi mpevu anaousifia shemeji ndio unaoharibu mpango wenyewe.

Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 na zaidi. Bamvua la pwani yetu lina saa zake. Maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 6 mchana, kisha hujaa tele kati ya saa 10 na saa 12 jioni. Mkianza saa 8 mtakuwa mnaingia ufukweni wakati bahari nayo inaingia.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa mpando mzima katika mafungu 12: saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua siku ambayo maji yamepwa saa 4 na nusu asubuhi na mpando ni mita 3.6, kila fungu likiwa sentimita 30. Saa ya kwanza ni sentimita 30 tu, na hapo ndipo wageni hudanganyika wakaona bahari imelala. Saa ya tatu na ya nne kila moja huleta sentimita 90. Ikifika saa 8 mchana maji yameshapanda zaidi ya mita 2, na bado kuna zaidi ya mita 1 inakuja. Mtoto wa miaka 9 usimtembeze chini ya majabali kwa hesabu hiyo.

Geuzeni ratiba. Vukeni na pantoni ya asubuhi mapema, muwe mnatembea saa 2 na nusu. Sehemu yoyote ya mawe au jabali lililoingia baharini mwifikie maji yakiwa bado yanatoka, na muwe mmeiacha nyuma si zaidi ya saa moja baada ya kupwa. Kwa mfano wetu, saa 5 na nusu. Chakula kije baadaye, kivulini. Mchanga mgumu wenye unyevu mtu mzima hutembea kilomita 4 kwa saa bila taabu. Mchanga mkavu unaotitia huondoa karibu nusu ya mwendo huo, na watoto huondoa kingine. Pimeni kwa saa, msikadirie kwa macho, maana ufukwe ulionyooka hufanya kila kitu kionekane karibu.

Kabla hamjapita chini ya jabali, litazameni. Juu ni jiwe la kijivu, kavu. Chini yake utaona mkanda wa chaza walioshikamana na jiwe, wenye kingo kama wembe. Mahali chaza wanapoishia juu, maji hufika kila siku, na siku za bamvua hupita hapo. Kama mkanda huo uko juu ya kichwa chako, basi hapo ulipo pana kina cha kukufunika. Hakuna kibao cha onyo kinachosema wazi kuliko hicho.

Na mikono ya bahari inayoingia kwenye mikoko: kijito mlichokivuka asubuhi kwa kulowesha vifundo kinaweza kuwa kifuani mkirudi, tena maji yakivuta. Yasiyoonekana chini msiyavuke. Zungukeni kwa njia ya kijijini. Vijana wakitaka kuogelea kwenye mlango wa bandari pale panapopita pantoni, wakatazeni. Maji ya ghuba nzima hutokea hapo.

Kama hamtapata jedwali la maji la bandari ya Mtwara, waulizeni akina mama wanaokwenda kuchokoa pweza. Wao hufuata maji yanavyotoka na hurudi kabla hayajageuka. Ukiona wamekusanya ndoo na wanapanda, panda nao.

Habari za kazi. Je, likizo yangu ikiangukia siku ya 7 au 8 baada ya mwezi kuandama badala ya bamvua, si ndiyo salama zaidi?
*Msomaji, Tunduru*

Salama kwa mkondo, ndiyo, lakini huenda usiione njia. Hayo ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na kupwa kwake huangukia alasiri, yapata saa 10. Mawe ambayo bamvua huyaacha makavu, maji mafu yanaweza kuyafunika siku nzima. Wastani ni kwamba kila siku maji huchelewa dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo ukipata saa ya siku moja unaweza kukisia mbili tatu zinazofuata. Zaidi ya hapo uliza upya. Siku tunazopendekeza ni mbili tatu baada ya mwezi mwandamo au mpevu, asubuhi.

Nina raba mpya za mazoezi na sitaki kuziharibu kwa maji ya chumvi. Katambuga zangu za tairi zitafaa?
*Kijana wa Nachingwea*

Shambani zinafaa. Kwenye jiwe lenye mwani hazifai: soli ya tairi ni ngumu, haijikunji kulifuata jiwe, na mguu ukilowa huteleza ndani ya mikanda. Kandambili ndiyo kabisa, mkanda hukatika ukiwa katikati ya mawe. Tafuta raba kuukuu za kufunga kamba, soli laini, zenye kufunika vidole, na utoboe matundu mawili ubavuni maji yatoke. Vaa na soksi, maana mchanga ukiingia kwenye raba iliyolowa huchubua kisigino ndani ya nusu saa. Jiwe la pwani yetu ni matumbawe ya kale yaliyoliwa na mawimbi. Ukianguka ukalishika kwa kiganja, kiganja kinachanika. Glovu za bustani si ushamba.

Mwaka jana nilikanyaga mnyama wa bahari mwenye miiba mirefu myeusi. Wenzangu walinishauri nikojolee. Je, ni dawa?
*Aliyekanyaga, Newala*

Pole sana ndugu yetu. Mkojo hausaidii kitu, huchafua kidonda tu. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia bila kuungua, dakika 30 hadi 90. Mtu mwingine ayapime kwanza kwa mkono, kwa sababu mguu wenye maumivu hauhisi joto sawasawa. Miiba iliyochomoza ing'oe kwa kibano kwa kuivuta moja kwa moja kama ilivyoingia. Iliyokatikia ndani usiichokonoe kwa sindano, hukatika vipande na kuzama. Osha kwa sabuni na maji safi. Mwiba ukiwa karibu na kiungo, au mguu ukivimba na kuwa mwekundu siku zinazofuata, nenda zahanati, na uulizie chanjo ya pepopunda. Maji ya moto ndiyo huduma ya kwanza ya mwiba wa taa pia, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, ila wa taa lazima ufike hospitali. Ukiwa umezama kifuani au tumboni usiung'oe. Kumkwepa taa ni rahisi: kwenye mchanga wenye maji buruta nyayo, usinyanyue. Akiguswa ubavuni hukimbia. Akikanyagwa mgongoni ndipo hupiga.

Na konokono mzuri mwenye umbo la koni, mwenye madoa, mwacheni alipo. Wamo wenye sumu ya kuua mtu.

Tuko Lindi, tunataka kwenda Msimbati na Ruvula kwa gari. Tumesikia mnaweza kuendesha juu ya mchanga. Tutembee au tuendeshe?
*Familia ya watu sita, Lindi*

Tembeeni. Gari linafika, lakini gari ndilo linalowaharibia watu siku. Kutoka Mtwara mjini ni zaidi ya kilomita 40 kupitia Madimba, na mtakuwa ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna kiingilio, na kuokota makombe au matumbawe hairuhusiwi hata yaliyokufa. Kila mtu mzima abebe lita 3 za maji kwa nusu siku, watoto lita 1 na nusu, na pakiti mbili za ORS, ile chumvi wanayopewa wanaoharisha, kwa atakayeanza kuumwa kichwa na kukakamaa misuli. Upepo wa kusi wa Juni hupoza ngozi, mtu asijue anaungua. Kanga mabegani, kofia yenye ukingo. Jua la Juni huzama mapema, saa 12 jioni na dakika chache, na giza halikawii.

Mkishikilia kuendesha, liwe la magurudumu manne yanayovuta. Punguzeni upepo wa tairi hadi psi 18 hivi kabla ya kuingia mchangani na mjaze tena mkifika barabarani. Likianza kuzama, ondoeni mguu kwenye mafuta mara moja. Kila mzunguko wa tairi hulichimbia shimo. Fukueni mchanga mbele ya tairi zote nne, tandikeni makuti, litoke kwa gia ndogo. Msiliegeshe kwenye mchanga ule mgumu wa chini mkaenda kuogelea: ugumu wake ni kwa sababu bahari ilikuwa hapo saa chache zilizopita. Mkirudi mjini liosheni chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, hasa bomba za breki.