Bwana Shamba Anajibu: Bustani ya Nyumbani Katika Miezi ya Baridi

SWALI: Shikamoo, Bwana Shamba. Familia yetu inaishi Des Moines, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, na huu ndio mwaka wetu wa kwanza kuwa na nyumba yenye uwanja. Tumepanda ua wa miti ya thuja upande wa barabara, mtufaha mmoja mchanga, na miwaridi karibu na mlango. Jirani ameniambia kwamba theluji itaua kila kitu nisipofunika kwa plastiki. Je, ni kweli, na nianze lini? (Msomaji, Des Moines)

JIBU: Marahaba, dada. Hiyo plastiki iweke kando kwanza. Theluji si adui wa bustani yako. Tabaka lake limejaa hewa iliyonaswa, kwa hiyo huikinga mizizi dhidi ya baridi kali iliyo juu yake. Mimea mingi ya nyumbani inayokufa katika majira hayo hufa kwa kiu, au kwa kupashwa joto mchana na kugandishwa ghafla usiku, na plastiki huyazidisha mambo yote mawili.

Tuanze na thuja, kwa kuwa ndiyo iliyo hatarini zaidi. Mti huu haupukutishi majani, hivyo siku ya Januari yenye jua na upepo huendelea kupoteza maji, ilhali ardhi imeganda na mizizi haiwezi kuvuta hata tone. Ukifika mwezi wa Machi majani yanakuwa ya kahawia, na watu husema umechomwa na baridi, kumbe umekauka. Dawa yake ni maji, na wakati wa kuyatoa ni Oktoba na Novemba, kabla ardhi haijaganda. Kwa miti michanga, kipimo kinachotumika sana ni takriban lita 40 kwa kila inchi moja ya unene wa shina, mara moja kwa wiki ikiwa mvua haijanyesha vya kutosha. Mwagilia polepole ili maji yazame. Baada ya hapo, chomeka vigingi upande unakotoka upepo na upande wa kusini-magharibi, kisha tandaza kitambaa cha gunia juu ya vigingi hivyo, kisiguse majani. Gunia hupitisha hewa, na hiyo ndiyo sababu limeshinda plastiki.

Theluji nzito ikilalia matawi, yainue taratibu kwa fagio kutoka chini kwenda juu. Ikiwa ni barafu iliyong'ang'ania, iache iyeyuke yenyewe, kwa maana ukiigonga utavunja tawi pamoja nayo.

Mtufaha una matatizo mawili ya namna nyingine. Gome lake bado ni jembamba, na jua la alasiri la majira ya baridi hulipasha joto upande wa kusini-magharibi hadi chembe zake zinaamka. Jua likizama, joto hushuka kwa kasi na chembe hizo hufa, na katika majira ya kuchipua utaona gome limepasuka kwa urefu. Lifunge shina kwa kifungio cheupe cha miti mwezi wa Novemba, na ukiondoe mwezi wa Aprili, kwa sababu kikibaki hadi kiangazi kitahifadhi unyevu na wadudu. Tatizo la pili ni sungura na panya wa shambani. Theluji ikifunika nyasi, gome la mtufaha huwa ndicho chakula kilichobaki, na mti uliotafunwa kuzunguka shina lote kwa kawaida hauponi tena. Zungushia wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6 hivi, uufukie sentimita chache ardhini, na urefu wake upite kina cha theluji mnachokitarajia, maana sungura husimama juu ya theluji na kula kutoka hapo.

Kuhusu miwaridi, kosa la kawaida ni haraka. Anayeifunika mwanzoni mwa Oktoba huizuia kuzoea baridi, na mmea usiozoea ndio unaokufa. Subiri jalidi kali (baridi inayogandisha umande) ipige mara kadhaa na majani yaanguke, kisha rundika udongo kuzunguka kitako cha mmea hadi sentimita 25 au 30, ukiutoa mahali pengine bustanini ili usiifunue mizizi yenyewe. Juu yake unaweza kuweka matandazo ya majani makavu. Matandazo haya hayapo ili kuupasha mmea joto. Kazi yake ni kuifanya ardhi ibaki imeganda bila kubadilika, kwa kuwa ardhi inayoganda na kuyeyuka mara kwa mara huvimba na kuisukuma mizizi juu hadi ikafunuliwa. Usipogoe sasa, isipokuwa fito ndefu zinazoweza kupigwa na upepo, na usiweke mbolea ya naitrojeni baada ya kiangazi, kwani vichipukizi laini vitakavyotoka havitafika Desemba.

Nyasi hazina maneno mengi: kata na kusaga majani yaliyoanguka badala ya kuyaacha yakatengeneza mkeka. Mpira wa maji nao uchomoe kwenye bomba la nje kabla ya jalidi ya kwanza kali, la sivyo bomba linaweza kupasuka ndani ya ukuta, na gharama hiyo itazidi bei ya miti yote tuliyoitaja.

SWALI: Bwana Shamba, hapa Portland, jimbo la Maine nchini Marekani, tunamwaga chumvi kwenye njia ya mlangoni ili watoto wasiteleze. Maua ya kando yamedhoofika. Nifanye nini? (Baba wa watoto watatu)

JIBU: Usalama wa watoto uje kwanza, ndugu yangu, lakini chumvi nyingi inayomwagwa haifanyi kazi. Chumvi ya kawaida hupoteza nguvu karibu na nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo, mchanga utawasaidia zaidi kushika njia. Koleo likipita mapema, theluji ikiwa bado laini, hitaji la chumvi hupungua sana. Usirundike theluji yenye chumvi juu ya vitalu vya maua, na ardhi ikiyeyuka, mwagilia maji mengi sehemu hiyo ili chumvi ishuke chini ya mizizi, mradi udongo wako hautuamishi maji.

SWALI: Sisi wa Njombe hatuna theluji, ila Juni hadi Agosti jalidi inaunguza miche ya parachichi na maua nyuma ya nyumba, hasa karibu na ua wa mimea ulio upande wa chini. Kwa nini hapo tu? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutiririka kufuata mteremko, ua wako mnene umeizuia, nayo imetuama hapo. Punguza matawi ya chini ya ua au acha uwazi ili ipite. Kukiwa na usiku wa anga safi usio na upepo, funika miche jioni, kabla joto la udongo halijapotea, kwa gunia au shuka lililoinuliwa kwa vijiti na kufika chini pande zote, kisha lifunue asubuhi. Mwagilia udongo mchana uliotangulia, kwani udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu. Matandazo mazito, ambayo nimemshauri dada wa Iowa, wewe yasogeze pembeni ya miche katika miezi hiyo: yanazuia joto la ardhi lisipande usiku, na miche yako inalihitaji. Miche iliyokwisha kuungua usiikate hadi uone inachipukia wapi.