Kila mwaka lazima mmoja wetu awe wa mwisho

SWALI: Shikamoo Anti. Nafanya kazi kampuni kubwa, jina siliweki hapa. Timu yetu tuko wanane na mwaka huu tumepiga kazi kweli kweli, malengo yote tumevuka, wateja wanasifia, halafu bosi ananiita ofisini, anafunga mlango, ananiambia tathmini yangu ni "chini ya kiwango". Nikamuuliza nimekosea wapi, akaangalia pembeni, akasema sio kwamba umekosea, ila toka juu wanataka kila timu itoe mmoja wa chini na wenzako wote walishawahi kuwekwa. Yaani ni zamu Anti, kama zamu ya kufagia! Sasa hivi kwenye timu hakuna anayemsaidia mwenzake, kila mtu anaficha kazi yake, majungu kwa bosi ndo usiseme. Hata mimi, kuna mgeni ameanza mwezi uliopita, aliniomba faili la mteja nikamwambia sijui liko wapi, na najua. Niache kazi? Au mimi ndo mvivu na sijijui?
Wa Mwisho kwa Zamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Mvivu angeshavuka malengo yote? Hilo tuliweke kando.

Huo mchezo ni wa siku nyingi. Aliyeupa umaarufu ni Jack Welch, aliyeiongoza General Electric ya Marekani toka 1981 mpaka 2001: asilimia 20 ya wafanyakazi ndo wa juu, 70 wa katikati, 10 wa chini, na hao wa chini wanaonyeshwa mlango. Microsoft nao walikuwa na mtindo wao wa kupanga watu kwa mafungu, wakautupa Novemba 2013, baada ya watu kulalamika miaka na miaka kitu hikihiki chako, kwamba wanapigana wenyewe kwa wenyewe badala ya kufanya kazi.

Tatizo ni hesabu. Kwenye watu elfu kumi wazembe hawakosekani, ila kwenye wanane wote wazuri inabidi mbaya umtengeneze, na asilimia 10 ya watu wanane hata mtu mmoja kamili haifiki! Na bosi wako ni mwoga, samahani, lakini mtu anayejua kazi yako ni nzuri halafu anasaini vinginevyo tumwiteje?

Usiache kazi kwa hasira. Rudi kwenye ile fomu ya tathmini, kama ina sehemu ya maoni ya mfanyakazi andika "nimesoma, sikubaliani", weka malengo uliyovuka na tarehe zake. Kisha mtumie bosi imeili, kwa upole kabisa, "kama ulivyonieleza siku ile kwamba kila timu lazima itoe mmoja, naomba kujua ni lengo gani sikulifikia". Akijibu una jibu, akinyamaza una imeili yenye tarehe. Nakusisitizia hili kwa sababu siku kampuni ikianza kupunguza watu hawatakumbuka habari za zamu, watafungua mafaili waone nani aliandikwa chini ya kiwango. HR waandikie pia ila usiwafanye wajomba zako, wameajiriwa na kampuni hiyohiyo. Kama mna chama cha wafanyakazi wape nakala. Kazi nyingine itafute taratibu, kimyakimya, ukiwa bado na mshahara.

Na lile faili mpe huyo mgeni kesho asubuhi. Kwa hesabu za bosi wako, mwakani ni zamu yake.